Ruwaza, Chapa na Kitambaa cha Ugenini: Ujenzi wa Chapa Huru za Usanifu wa Vitambaa vya Mavazi na Nyumba Jijini Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi chapa huru za usanifu wa vitambaa zinavyojengwa jijini Kigali, na kwa nini sera zilizokusudiwa kuzilea zimezigusa kwa sehemu tu. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa nguo nchini Rwanda umetawaliwa na masuala mawili, yaani mitumba na ajira za viwanda vya kushona, ilhali thamani ya chapa huru imo katika ruwaza: mchoro unaorudiwa juu ya kitambaa na kuweza kuhamia kutoka kwenye gauni hadi kwenye mto wa kochi. Kwa kutumia taarifa zilizo wazi kwa umma, makala yanachambua historia fupi ya chapa za Kigali, hesabu ya uchapaji wa kiasi kidogo, manufaa ya kuunganisha mavazi na mapambo ya nyumba, na suala la umiliki wa ruwaza, hususan zile zinazotokana na sanaa ya imigongo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Katika Kinyarwanda, nguo za mitumba huitwa caguwa. Neno hilo limetokana na kitenzi cha Kiswahili chagua, na linabeba taswira ya mnunuzi aliyeinama juu ya rundo la nguo akitafuta ile itakayomfaa. Kwa miongo kadhaa rundo hilo ndilo lililowavika wakazi wengi wa Kigali. Kandokando yake walikuwapo mafundi cherehani wa masoko kama Kimironko, ambao mteja huwapelekea kitenge alichonunua duka la jirani na kurudi baadaye kuchukua vazi lililoshonwa kwa kipimo chake. Kati ya rundo la caguwa na meza ya fundi hapakuwa na nafasi kubwa ya mtu wa tatu: msanifu anayebuni kitambaa chenyewe, kukipa jina, na kukiuza kama kazi yake.

Tangu mwaka 2010 nafasi hiyo imeanza kujazwa. Inzuki Designs, ambayo jina lake lina maana ya nyuki, ilianzishwa na Teta Isibo mwaka 2010 ikijishughulisha na vito, vifaa vya mavazi na mapambo ya nyumba. House of Tayo ya Matthew Rugamba ilifuata mwaka 2011, Rwanda Clothing ya Joselyne Umutoniwase mwaka 2012, Haute Baso ya Linda Mukangoga na Candy Basomingera mwaka 2014, na Moshions ya Moses Turahirwa mwaka 2015. Katika mtaa wa Nyamirambo, kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007 kilizaa chapa ya Umutima, inayotengeneza mavazi, mikoba na vifaa vya nyumbani kwa mikono ya wanawake wa mtaa huo.

Orodha hii haikusudiwi kuwa kamili. Imetolewa ili kuonesha kwamba jambo linalojadiliwa si ndoto ya waraka wa sera, bali ni shughuli yenye umri wa zaidi ya muongo mmoja. Swali ni hili: chapa ya namna hii husimama juu ya nini, na ni kipi kinachoiyumbisha?

2. Chapa bila kiwanda: funzo la kanga

Yapo mazoea ya kudhani kwamba nchi isiyo na shamba la pamba wala kinu cha kusokota haiwezi kuwa na chapa ya kitambaa. Historia ya Afrika Mashariki inakanusha dhana hiyo. Mwaka 1887, mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, alianza biashara ya kanga ambayo alama yake, “Mali ya Abdulla”, ilipata kujulikana pwani nzima. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani. Kilichobaki Mombasa kilikuwa mchoro, jina, ujuzi wa kujua wanawake wa pwani wanataka pindo gani na mji upi, na baadaye jina la kanga lililochapwa juu yake. Mfanyabiashara huyo hakuhitaji kumiliki kinu ili amiliki kanga.

Nadharia za uchumi zimekuja kulieleza jambo hilo kwa istilahi nyingine. Gary Gereffi, katika maandishi yake ya mwaka 1994, alitofautisha minyororo ya thamani inayoongozwa na wazalishaji na ile inayoongozwa na wanunuzi. Nguo aliziweka katika kundi la pili, ambamo mwenye chapa ndiye anayeamua na mshonaji ndiye anayeamuliwa. Stan Shih, mwasisi wa kampuni ya Acer, alichora wazo linalokaribiana na hilo kwa mkunjo wa tabasamu: thamani huwa juu mwanzoni, kwenye ubunifu, na mwishoni, kwenye chapa na mauzo, lakini hushuka katikati, kwenye kuunganisha vipande.

Kwa Rwanda somo hili lina uzito wa pekee. Nchi haina kilimo kikubwa cha pamba. Bidhaa zake huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na safari ya lori kutoka Dar es Salaam pekee ni takriban kilomita 1,500. Kiwanda kikongwe cha nguo cha Kigali, UTEXRWA, kilichoanza mwaka 1984, kinajulikana zaidi kwa sare kuliko kwa vitambaa vya mitindo. Kushindana na Asia kwa bei ya mita ya kitambaa cheupe ni kupigana vita katika uwanja wa adui. Kushindana kwa mchoro ni jambo jingine.

3. Muktadha wa sera: mlango uliofungwa na uliofunguliwa

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua uagizaji wa mitumba ifikapo mwaka 2019. Mwaka huohuo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kiliwasilisha malalamiko kwa serikali yake, na nchi zilizokuwa zimeafikiana zikaanza kurudi nyuma moja baada ya nyingine. Rwanda haikurudi. Tarehe 30 Julai 2018 Marekani ilisitisha fursa ya mavazi kutoka Rwanda kuingia bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Sambamba na hatua hizo, kampeni ya Made in Rwanda ilizinduliwa mwaka 2015, na sera rasmi yenye jina hilo ikachapishwa na Wizara ya Biashara na Viwanda mwaka 2017. Katika Ukanda Maalumu wa Kiuchumi wa Kigali, ulioko Masoro, viwanda vya kushona vyenye mtaji wa kigeni vilikaribishwa; C&H Garments, yenye asili ya China, ilianza shughuli zake mwaka 2015.

Hatua hizi zilileta hamasa ya kweli. Kuvaa vazi la msanifu wa Kigali kulikoma kuwa jambo la ajabu na kukawa ishara ya uzalendo na ya hadhi. Junior Nyong'o alipotokea Los Angeles mwanzoni mwa mwaka 2018, kwenye uzinduzi wa filamu ya Black Panther, akiwa amevaa vazi la House of Tayo, habari hiyo ilipokelewa Kigali kama ushindi wa taifa.

Hata hivyo, hamasa na hesabu ni vitu viwili. Mnunuzi aliyekuwa akipata shati la caguwa kwa bei ya chini hakuhamia kwa msanifu wa Kiyovu au Kimihurura. Alihamia kwenye nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia, au alinunua caguwa kwa bei iliyopanda. Chapa huru na mitumba hazikuwa zikigombania mfuko mmoja. Ushuru wa mitumba ulifunga mlango ambao chapa hizi hazikuwa zikipitia, ilhali milango waliyohitaji wasanifu, yaani kitambaa cha kiasi kidogo, uchapaji na ulinzi wa ruwaza, haikupewa uzito sawa.

4. Njia mbili za kupata ruwaza

Chapa ya kitambaa jijini Kigali huweza kuanza kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kuteua: msanifu hupita maduka ya vitenge ya katikati ya jiji, huchagua vitambaa vilivyokwisha kuchapwa kwingineko, kisha huvipa uhai kwa namna anavyovikata na kuvioanisha. Njia hii haidai mtaji mkubwa. Mita tano zinatosha kuanzia, na kosa la uteuzi hugharimu mita tano tu. Lakini udhaifu wake ni wa msingi. Kitenge kinachovutia leo dukani kinaweza kukosekana mwezi ujao, kwa kuwa muagizaji huleta alichopata. Na kikiwapo, kipo kwa kila mtu. Mteja wa hoteli aliyependa mapazia ya chumba kimoja na kutaka mengine arobaini huambiwa kwamba kitambaa kimekwisha sokoni. Hapo chapa inakuwa mateka wa shehena ya mtu mwingine.

Njia ya pili ni ya kubuni: msanifu huchora ruwaza yake, huipanga ijirudie bila mshono kuonekana, kisha huichapisha au huifuma. Hapa ndipo chapa huru kwa maana kamili inapoanza, kwa sababu kitambaa hakiwezi kupatikana kwingine. Lakini hapa pia ndipo gharama inapobadilika sura.

Kati ya njia hizo mbili ipo ya tatu, ambayo wasanifu wa Kigali wameitumia kwa ustadi: kuchukua kitambaa kisicho na mapambo na kukitia ruwaza kwa mkono, ama kwa tarizi, ama kwa shanga, ama kwa kushonea vipande. Njia hii haihitaji mashine ya kuchapa. Kikomo chake ni muda wa mkono wa binadamu: inafaa koti la sherehe, haifai mita mia tatu za pazia.

5. Hesabu ya mita: kiini cha tatizo

Uchapaji wa kitambaa kwa skrini hudai fremu moja kwa kila rangi. Gharama ya fremu hulipwa mara moja, iwe zitachapwa mita 10 au 1,000. Mashine kubwa za silinda, ambazo kwa kawaida huwa na mzingo wa sentimita 64 unaoamua pia kipimo cha marudio ya ruwaza, hufanya kazi kwa kasi kubwa na kwa sababu hiyo viwanda vyake hukataa oda ndogo. Uchapaji wa kidijitali hauhitaji fremu na hukubali hata mita moja, lakini bei ya kila mita hubaki juu.

Mfano wa kubuni utaonesha uhusiano huo. Ichukuliwe kwamba mchoro wa rangi nne pamoja na fremu zake unagharimu faranga 400,000, na kwamba kitambaa, rangi na kazi ya mkono ni faranga 4,000 kwa mita. Kwa mita 50, kila mita itagharimu faranga 12,000. Kwa mita 200 itagharimu faranga 6,000, na kwa mita 1,000 faranga 4,400. Ikiwa uchapaji wa kidijitali unatoza faranga 7,000 kwa mita bila gharama ya fremu, njia hizo mbili hulingana kwenye takriban mita 133. Chini ya hapo fremu ni hasara. Juu ya hapo ni faida. Tarakimu hizi si za soko la Kigali, lakini umbo la hesabu ni lilelile kila mahali.

Tatizo la chapa changa ni kwamba mavazi yenyewe mara chache hufikisha kiasi hicho. Gauni hutumia mita tatu; magauni ishirini, ambayo tayari ni toleo kubwa kwa duka moja, hutumia mita 60. Msanifu anayetegemea mavazi pekee hujikuta upande usiofaa wa mstari huo. Huenda akachapisha kidogo kwa bei ghali, au akachapisha nyingi na kufungia mtaji wake stoo hadi mtindo upite.

Ugumu mwingine ni wa kemia. Rangi zinazoungana na nyuzi za pamba, ambazo hulifanya gauni libaki laini na lisichujuke, hudai mvuke wa kuzikaza na maji mengi ya kusuuza. Rangi za kupaka juu ya uzi hukazwa kwa joto kavu la takriban nyuzi 150 na hazidai kusuuzwa sana, ila huacha kitambaa kikiwa kigumu kidogo na huchakaa zinaposuguliwa. Karakana ndogo isiyo na mtambo wa mvuke wala mfumo wa kusafisha maji taka hulazimika kuchagua njia ya pili. Kwa kitambaa cha meza inafaa. Kwa vazi linalogusa mwili, mteja atauhisi ugumu huo.

6. Kwa nini mavazi na nyumba kwa pamoja

Hapa ndipo uamuzi wa kuunganisha mavazi na mapambo ya nyumba unapoacha kuwa suala la ladha na kuwa suala la kuendelea kuwapo. Kwanza, nyumba huongeza mita. Ruwaza ileile inayotoa magauni ishirini inaweza kutoa mapazia, foronya, mito ya kochi na vitambaa vya meza, hivyo gharama ya fremu ikagawanywa juu ya kiasi kikubwa zaidi. Pili, nyumba hupunguza kasi ya kuchakaa kwa mtindo. Vazi huzeeka kwa msimu. Pazia hudumu kwa miaka, na mwenye hoteli hurudi kununua lilelile. Tatu, mabaki ya kitambaa kutoka meza ya kukatia nguo huwa bidhaa badala ya taka.

Hata hivyo, muungano huu una masharti yake ya kiufundi, na chapa nyingi huyagundua zikiwa zimekwisha kuingia gharama. La kwanza ni upana. Kitenge cha kawaida huwa na upana wa takriban sentimita 115, ilhali vitambaa vya mapambo ya nyumba hutengenezwa kwa upana wa takriban sentimita 140 hadi 150. Mto wa sentimita 45 kwa 45 hudai kipande cha takriban sentimita 47 pamoja na nafasi ya mshono. Katika upana wa sentimita 150 hutoka vipande vitatu na kubaki sentimita 9, sawa na asilimia 6. Katika upana wa sentimita 115 hutoka viwili na kubaki utepe wa sentimita 21, yaani zaidi ya asilimia 18 ya kitambaa. Msanifu anayebuni kwa mavazi peke yake huenda asiione hasara hiyo hadi oda ya kwanza ya mito mia mbili.

La pili ni uimara. Kitambaa cha kuvalisha makochi hupimwa kwa kusuguliwa kwa njia ya Martindale, iliyowekwa katika viwango vya kimataifa vya ISO 12947, na wanunuzi wa hoteli hudai makumi ya maelfu ya misuguo kabla uzi haujakatika. Kitenge cha kawaida cha pamba nyepesi hakikuundwa kwa kazi hiyo. Uimara wa rangi dhidi ya jua, maji na jasho hupimwa kwa mfululizo wa ISO 105. Chapa isiyo na cheti cha vipimo hivi inaweza kuuza mito kwa watalii, lakini haiwezi kuingia katika zabuni ya vyumba mia.

Na zabuni hizo zipo. Kituo cha Mikutano cha Kigali kilifunguliwa mwaka 2016, na jiji likajijengea jina kama mji wa mikutano, hadi kuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola mwezi Juni 2022. Hoteli mpya huhitaji mapazia, mashuka, matandiko na sare. Mfano wa kutia moyo ni Bisate Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2017 karibu na Hifadhi ya Taifa ya Volkano, ambamo Teta Isibo wa Inzuki alishirikishwa katika kupamba mambo ya ndani. Hapo msanifu wa Kigali hakuuza bidhaa mojamoja. Aliuza jicho lake.

Muungano huu pia ni kinga dhidi ya misukosuko ya kibiashara. Adhabu ya Marekani ya mwaka 2018 ilielekezwa kwa mavazi. Vikapu vya agaseke, ambavyo kampuni ya Gahaya Links ya dada wawili Janet Nkubana na Joy Ndungutse ilikuwa imevifikisha katika maduka ya Macy's tangu mwaka 2005, havikuguswa. Chapa yenye miguu miwili, mmoja katika vazi na mwingine katika nyumba, haianguki kwa pigo la mguu mmoja. Vilevile soko la Ulaya lina nafuu isiyozungumzwa vya kutosha: tangu mwaka 2011 Umoja wa Ulaya huzikubali nguo za nchi zenye maendeleo madogo kabisa kuwa na asili ya nchi hizo hata kama kitambaa kimeagizwa kutoka nje, alimradi nguo yenyewe imetengenezwa humo.

7. Nani mwenye ruwaza?

Chapa nyingi za Kigali zimechota katika imigongo, sanaa ya mistari na pembe iliyofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Chimbuko lake ni Gisaka, mashariki mwa Rwanda, na masimulizi huihusisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, wanawake wa Nyarubuye katika wilaya ya Kirehe waliifufua kupitia ushirika. Leo pembe hizo zinaonekana kwenye mashati, mazulia, kuta za hoteli na vifungashio.

Hapa kuna kitendawili chenye kigingi halisi. Pembe za imigongo si mali ya msanifu yeyote, hivyo kila msanifu anaweza kuzitumia. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kiwanda cha ng'ambo kinaweza kuzichapa kwa maelfu ya mita, kuzirudisha Kigali kwa bei ambayo karakana ya Kigali haiwezi kuifikia, na mama wa Nyarubuye asipate hata senti moja. Urithi ulio wazi kwa wote huwa wazi zaidi kwa mwenye mashine kubwa.

Sheria inatoa nyenzo za aina tatu. Nyenzo ya kwanza ni alama ya biashara, inayolinda jina la chapa. Chapa ya mavazi na nyumba inapaswa kukumbuka kwamba usajili hufanywa kwa madaraja: vitambaa viko daraja la 24, mavazi la 25, mito la 20, mikoba la 18. Anayesajili daraja la 25 pekee ameacha nyumba yake bila mlango. Nyenzo ya pili ni usajili wa mchoro wa bidhaa, unaofanyika katika Ofisi ya Msajili Mkuu iliyo chini ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, au kupitia Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 inayosimamiwa na ARIPO, au kupitia Mfumo wa Hague. Katika mfumo huo wa mwisho michoro isiyozidi 100 huweza kuwekwa katika ombi moja ikiwa ni ya daraja lilelile la bidhaa, jambo linalowafaa wasanifu wa vitambaa wanaotoa ruwaza nyingi kwa mwaka. Nyenzo ya tatu ni Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2015 na ambayo Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoiridhia. Itifaki hiyo inatambua haki za jamii juu ya maarifa ya jadi na sanaa zake, na inadai ridhaa na mgawo wa manufaa.

Kwenye karatasi, basi, pengo si kubwa. Katika utekelezaji, kasi ya mtindo huishinda kasi ya usajili. Ruwaza inayooneshwa jukwaani Ijumaa huweza kupigwa picha na kunakiliwa kabla ya ombi kuandikwa, na sharti la upya linaweza kuathirika kwa kuoneshwa huko. Waandishi wa Mkataba wa TRIPS waliliona tatizo hili: kifungu cha 25, aya ya 2, kinavitaja vitambaa peke yake na kuzitaka nchi zihakikishe kwamba gharama, ukaguzi na uchapishaji wa maombi haviwi kikwazo kisicho na sababu kwa wasanifu wa vitambaa. Kifungu hicho pia kinaruhusu nchi kutimiza wajibu huo kwa sheria ya hakimiliki. Rwanda, kama nchi yenye maendeleo madogo kabisa, ina muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mkataba huo. Muda huo ni fursa ya kuunda utaratibu unaofaa, si sababu ya kungoja.

8. Mapendekezo

Pendekezo la kwanza ni karakana ya pamoja ya uchapaji wa kiasi kidogo, yenye mashine ya kidijitali, meza za skrini, mtambo wa mvuke na mfumo wa kusafisha maji. Rwanda tayari ina utamaduni wa vituo vya pamoja vya mafundi, udukiriro, ambavyo vimewakusanya maseremala na mafundi wengine. Kitambaa kinastahili kituo chake. Hakuna chapa moja inayoweza kubeba gharama hiyo; chapa kumi zinaweza kuigawana.

Pendekezo la pili linahusu kodi. Nafuu za ushuru wa malighafi huwafikia wale wanaoagiza kwa jina lao wenyewe. Karakana ndogo hununua mita 40 kwa mfanyabiashara wa mjini, ambaye amekwisha kulipa ushuru na kuuweka ndani ya bei. Aidha, biashara yenye mauzo yaliyo chini ya faranga milioni 20 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na isiposajiliwa haiwezi kurejeshewa kodi iliyolipa kwenye kitambaa. Uagizaji wa pamoja kupitia ushirika, wenye hadhi ileile ya nafuu inayopewa kiwanda, ungeondoa sehemu ya ukosefu huo wa usawa.

Pendekezo la tatu ni usajili mwepesi wa ruwaza: ombi moja la michoro mingi, ada ndogo, na uwezekano wa kuahirisha uchapishaji hadi toleo lizinduliwe. Kwa ruwaza za imigongo, leseni ya pamoja inayotolewa na vyama vya ushirika vya Kirehe ingeweka alama ya asili juu ya bidhaa na kurudisha sehemu ya mapato kwa waliohifadhi sanaa hiyo.

Pendekezo la nne ni la upimaji na ununuzi. Vipimo vya msuguo na uimara wa rangi vikipatikana Kigali kwa gharama inayobebeka, na zabuni za umma zikigawanywa katika mafungu ambayo karakana ndogo inaweza kuyatimiza, soko la nyumba na hoteli litafunguka bila hitaji la ushuru mpya.

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba chapa hizi huwauzia wachache wenye uwezo na watalii, na kwamba ajira zake ni chache mno kulinganishwa na kiwanda kimoja cha Masoro. Pingamizi hili ni la kweli kwa kiasi chake. Chapa huru hazitalivika taifa, wala hazitachukua nafasi ya caguwa. Lakini kiwanda kinachoshona kwa oda ya mgeni kinaweza kuhama mgeni anapohama. Ruwaza iliyosajiliwa Kigali, pamoja na ujuzi wa kuichora, kuichapa na kuiuza, haihami kwa urahisi huo. Sera ya nguo inahitaji vyote viwili, na hadi sasa kimoja ndicho kilichopewa kipaumbele.

9. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba chapa huru ya kitambaa jijini Kigali husimama juu ya ruwaza, na kwamba uhai wake huamuliwa na mambo yanayoonekana madogo: mita ngapi zimechapwa, upana wa kitambaa ni kiasi gani, jina limesajiliwa katika madaraja yapi. Kuunganisha mavazi na nyumba ni njia ya kuyafanya mambo hayo madogo yakubaliane na hesabu. Kanga ya Mombasa ilithibitisha zaidi ya karne moja iliyopita kwamba mwenye mchoro na jina anaweza kudumu hata kama kitambaa kinatoka mbali. Ila Abdulla aliandika “mali ya” kabla ya jina lake. Wasanifu wa Kigali, na wanawake wa Nyarubuye walio nyuma yao, bado wanahitaji utaratibu utakaoyapa maneno hayo nguvu ya kisheria na ya kiuchumi.